Nuvolari: Dereva mfupi aliyewanyamazisha Wanazi kwa gari lililopitwa na wakati

JUMAPILI ya Julai 28, 1935, umati uliokadiriwa kuwa watu 300,000 ulijipanga kando ya barabara ya mashindano ya Nürburgring, katika milima ya Eifel nchini Ujerumani, kushuhudia mbio za langalanga ambazo matokeo yake yalionekana kama yamekwisha kuandikwa. Magari tisa ya wenyeji, matano ya Mercedes-Benz na manne ya Auto Union, yalikuwa yameng'arishwa yakameremeta kama fedha. Serikali ya Adolf Hitler ilikuwa imezipa kampuni hizo mbili pesa nyingi ili zitengeneze magari yasiyo na kifani duniani, na wakuu wa chama cha Nazi walikuwa wamefika jukwaani kuyaona matunda ya pesa hizo.

Miongoni mwa wageni alikuwemo Mwitaliano mmoja mfupi na mkondefu, mwenye umri wa miaka 42, aliyevalia fulana ya manjano na suruali ya samawati. Gari lake, Alfa Romeo P3 la rangi nyekundu, lilikuwa limeingia mashindanoni kwa mara ya kwanza miaka mitatu awali, na katika langalanga gari la miaka mitatu ni kikongwe. Injini yake ilikuwa na nguvu farasi zipatazo 265. Za wenyeji ziliizidi kwa zaidi ya mia moja.

Mtu huyo aliitwa Tazio Nuvolari. Wataliano walimwita kwa mkato Nivola, na wengine wakamwita Mantovano Arukaye, kwa sababu alitoka pande za mji wa Mantova.

Alizaliwa Novemba 16, 1892 katika kijiji cha Castel d'Ario, kwenye nyanda za kilimo zinazopakana na mto Po, kaskazini mwa Italia. Babake, Arturo, alikuwa mkulima mwenye uwezo aliyependa pia kushiriki mbio za baiskeli. Ami yake, Giuseppe, aliupenda mchezo huo zaidi na akawa bingwa wa kitaifa. Ni huyo ami aliyemfundisha kijana Tazio kuendesha chombo cha injini, na mpwa huyo hakuficha kamwe kwamba alitaka kuwa kama yeye.

Wengi wa madereva mashuhuri huanza wakiwa vijana wadogo. Nuvolari hakupata nafasi hiyo. Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilipoikumba Italia mnamo 1915 alichukuliwa na jeshi, akapewa kazi ya kuendesha ambulensi na malori. Inasimuliwa kwamba siku moja alilitoa gari barabarani akiwa na majeruhi ndani, na ofisa mmoja akamshauri atafute kazi nyingine kwa kuwa udereva haukuwa wake. Mwaka 1917 alimwoa Carolina Perina, na mwaka uliofuata wakajaliwa mwana, Giorgio. Mwana wa pili, Alberto, alizaliwa miaka kadhaa baadaye. Kufikia wakati alipopanda pikipiki kwa mara ya kwanza katika mashindano, mwaka 1920, Nuvolari alikuwa na umri wa miaka 27, mke na mtoto.

Kwenye pikipiki ndiko alikopata jina. Akiwa na kampuni ya Bianchi alishinda mbio nyingi kiasi cha kutambuliwa nchini kote, na mwaka 1925 akawa bingwa wa Ulaya katika kitengo cha injini za sentimita za ujazo 350. Mwaka huo huo ndipo Wataliano walipotambua kwamba mtu huyu hakuumbwa kama wengine.

Kampuni ya Alfa Romeo ilikuwa imempoteza dereva wake hodari, Antonio Ascari, aliyefariki katika ajali mjini Montlhéry, Ufaransa, Julai mwaka huo. Ikimtafuta wa kujaza pengo, ilimwalika Nuvolari kulijaribu gari lake la P2 katika uwanja wa Monza. Alizunguka mara chache kwa kasi iliyowashangaza waliokuwepo, kisha gia zikakwama, gari likaruka nje ya barabara na dereva akachanika vibaya mgongoni. Madaktari walimwagiza akae kitandani kwa muda wa wiki kadhaa. Hata hivyo, siku chache baadaye palikuwa na mashindano makubwa ya pikipiki papo hapo Monza. Nuvolari aliwataka madaktari wamfunge bendeji akiwa ameinama, katika mkao wa mtu aliyekaa juu ya pikipiki. Wakamfunga hivyo. Mafundi wakambeba, wakampandisha, wakamsukuma kwa kuwa hangeweza kuiwasha mwenyewe. Mvua ilikuwa ikinyesha. Alishinda.

Nafasi ya Alfa Romeo aliikosa kwa wakati huo. Mwaka 1928 alianzisha timu yake mwenyewe kwa magari ya Bugatti, akimshirikisha mwendesha pikipiki mwingine aliyekuwa mpinzani wake wa tangu zamani, Achille Varzi. Ushirika huo haukudumu. Palikuwa na majogoo wawili katika zizi moja. Varzi alikuwa mtanashati, mkimya, mwenye kuendesha kwa hesabu kali, asiyegusa usukani ila inapobidi. Nuvolari alikuwa kinyume chake: alipiga makelele, aliyapiga mateke magari, alirukaruka kitini na kulipigapiga gari ubavuni kwa kiganja kana kwamba ni punda. Italia yote iligawanyika kati ya wawili hao.

Hadithi inayopendwa sana juu yao ni ya mbio za Mille Miglia za mwaka 1930, zilizoanzia Brescia kwenda Roma na kurudi, umbali wa zaidi ya kilomita 1,600 katika barabara za kawaida. Inadaiwa kwamba alfajiri, ikiwa safari imekaribia kuisha, Nuvolari alizima taa za gari lake na kumfuata Varzi gizani kama chui anyatiavyo swara, kisha akaziwasha ghafla na kumpita. Ni hadithi tamu, lakini yafaa ipunguzwe chumvi. Nuvolari alikuwa ameondoka Brescia dakika 10 baada ya Varzi, na ushindi katika mbio hizo ulipimwa kwa saa. Alipomkaribia tu mwenzake, tayari alikuwa amemshinda, taa ziwe zimewaka au zimezimwa. Lisilo na shaka ni kwamba alikuwa dereva wa kwanza kuzimaliza mbio hizo kwa wastani wa zaidi ya kilomita 100 kwa saa.

Uendeshaji wake uliwatatanisha hata mabingwa. Enzo Ferrari, ambaye wakati huo alikuwa akiiongoza timu ya Scuderia Ferrari iliyotumia magari ya Alfa Romeo, alieleza miaka mingi baadaye jinsi alivyoketi kando ya Nuvolari mwaka 1931 akitaka kujionea siri yake. Kwenye kona ya kwanza Ferrari aliamini kwamba wangeishia mtaroni. Nuvolari aliliingiza gari kwenye kona mapema kuliko ilivyo kawaida, akaligeuza pua upande wa ndani, na magurudumu yote manne yakateleza kwa pamoja huku mguu wake ukiwa bado umekanyaga mafuta. Gari lilitoka kwenye kona likiwa limenyooka, tayari kuruka. Uso wa dereva haukubadilika. Ferrari anasema alikata tamaa ya kuwa dereva wa kiwango hicho.

Kisa kingine cha Ferrari kinahusu mbio za Targa Florio kisiwani Sicily, mwaka 1932. Siku hizo dereva alifuatana na fundi ndani ya gari, na Nuvolari aliomba apewe fundi mwepesi wa mwili kama yeye. Akapewa kijana mmoja, Paride Mambelli, na akamwambia kwamba kila wakikaribia kona ya hatari angepiga kelele ili ajikunyate chini ya dashibodi. Baada ya ushindi, Ferrari alimuuliza kijana mambo yalikuwaje. Mambelli akajibu kwamba bwana huyo alianza kupiga kelele kwenye kona ya kwanza na kunyamaza kwenye ya mwisho; yeye hakuona chochote ila sakafu ya gari.

Mwaka huo wa 1932 mshairi Gabriele d'Annunzio, aliyekuwa akiheshimiwa mno nchini humo, alimkaribisha nyumbani kwake na kumtunuku kobe mdogo wa dhahabu, mnyama mwendapole kwa mtu mwendambio. Tangu siku hiyo Nuvolari hakushindana bila kobe huyo. Alimvaa shingoni, akamtia kwenye fulana yake ya manjano, akamchapa kwenye karatasi zake za barua.

NYEKUNDU LA JANO

Gari la P3 lilizaliwa katika mwaka huo huo. Mbunifu wake, mhandisi Vittorio Jano, alitaka kuondoa kila kilo isiyokuwa na kazi. Hadi wakati huo magari ya Grand Prix yalikuwa bado mapana, yakiwa na umbo la kubeba watu wawili, ingawa sheria ilikwisha kumtoa fundi katika mbio za aina hiyo. Jano alitengeneza gari jembamba lenye kiti kimoja tu katikati, la kwanza la namna yake kufaulu katika mashindano makubwa ya Ulaya. Injini ilikuwa na silinda nane zilizopangwa kwa mstari, ikisaidiwa na vifaa viwili vya kusukuma hewa kwa nguvu ndani yake, na ilitoa nguvu farasi zipatazo 215. Badala ya shafti moja ya kupeleka nguvu nyuma, aliweka mbili, zilizotanuka kutoka kwenye gia kama miguu ya mtu aliyesimama, kila moja ikilihudumia gurudumu lake. Gari zima lilikuwa na uzani wa takriban kilo 700.

Juni 5, 1932, katika uwanja wa Monza, P3 lilijitokeza hadharani na Nuvolari akashinda siku hiyo hiyo. Mwezi uliofuata akashinda nchini Ufaransa. Rudolf Caracciola, Mjerumani aliyekuwa timu moja naye, akashinda Ujerumani kwa gari la aina hiyo. Nuvolari alimaliza mwaka akiwa bingwa wa Ulaya.

Kisha, jambo ambalo mpenzi yeyote wa mchezo lingemkera, Alfa Romeo iliyafungia magari hayo katika ghala. Mtikisiko wa uchumi ulikuwa umeibana kampuni hiyo hadi ikaingia mikononi mwa serikali, na mwaka 1933 ikajitoa mashindanoni. Scuderia Ferrari ikaachiwa magari ya zamani. Mwaka huo Nuvolari alishinda Mille Miglia tena, kisha akashinda Le Mans, mbio za saa 24, akipokezana usukani na Mfaransa Raymond Sommer. Lakini subira ilimwishia. Katikati ya msimu aliihama timu ya Ferrari na kujiunga na Maserati, na katika mashindano yake ya kwanza huko Ubelgiji akaibuka mshindi. Wiki chache baadaye Alfa Romeo ikalegeza kamba na kumkabidhi Ferrari magari ya P3. Aliyeyapatia sifa hakuwepo tena kuyaendesha.

Septemba 10, 1933 ilikuwa siku mbaya kuliko zote. Katika uwanja wa Monza madereva watatu walifariki kwa siku moja: Giuseppe Campari, Baconin Borzacchini na Stanisław Czaykowski. Borzacchini alikuwa rafiki mkubwa wa Nuvolari.

Mwaka 1934 yeye mwenyewe alinusurika. Mjini Alessandria, mvua ikinyesha, gari lake liliacha njia likagonga mti na mguu wake ukavunjika. Baada ya majuma machache, mguu ukiwa bado ndani ya plasta, alikwenda Berlin kushindana katika barabara ya AVUS. Mafundi wa Maserati walizipanga upya pedeli ili aweze kukanyaga zote kwa mguu wa kushoto. Alimaliza wa tano. Wapo waliomsifu kwa ushujaa huo. Wapo pia, na hoja yao ni nzito, waliouita wazimu.

Kwa hivyo kufikia mwanzo wa 1935 alikuwa mtu asiye na timu ya kutegemewa. Auto Union ilimtaka, ila Varzi alikwisha kutia saini huko na hakupenda wawe pamoja. Ferrari na Nuvolari walikuwa wameachana kwa maneno makali. Jano aliwasihi wapatane, na inaaminika kwamba Benito Mussolini mwenyewe, ambaye hakutaka dereva mashuhuri wa nchi yake aendeshe gari la kigeni, aliingilia kati. Nuvolari akarudi kwa Ferrari, akalikuta P3 lake la zamani likimngoja. Injini ilikuwa imeongezwa hadi lita 3.2, lakini chesisi ilikuwa ile ile ya mwaka 1932, huku Wajerumani wakiwa na injini za lita nne na tano.

SAA NNE ZA NÜRBURGRING

Barabara ya Nürburgring wakati huo ilikuwa na urefu wa karibu kilomita 23 kwa mzunguko mmoja, ikipanda na kushuka msituni, yenye kona zaidi ya 150. Madereva walitakiwa kuizunguka mara 22. Asubuhi hiyo lami ilikuwa na unyevunyevu na ukungu ulikuwa umetanda juu ya miti. Hali hiyo ndiyo pekee iliyomwonea huruma Mwitaliano, kwani nguvu nyingi za injini hazina faida kubwa pale magurudumu yanapoteleza.

Alfa Romeo nyingine mbili za Ferrari, za Louis Chiron na Antonio Brivio, ziliharibika mapema. Nuvolari akabaki peke yake. Caracciola aliongoza, akifuatwa na kijana Bernd Rosemeyer wa Auto Union. Nuvolari alirudi nyuma kidogo, akapumua, kisha akaanza kupanda ngazi. Aliwapita mmoja baada ya mwingine kwenye kona, mahali ambapo uzito na nguvu za magari ya fedha ziligeuka kuwa mzigo. Kwenye mzunguko wa kumi jina lililopita la kwanza mbele ya jukwaa kuu lilikuwa lake.

Muda mfupi baadaye viongozi waliingia karibu pamoja kutia mafuta na kubadilisha tairi. Mafundi wa Mercedes, waliofunzwa kama wanajeshi, walimhudumia Manfred von Brauchitsch kwa sekunde 47. Upande wa Alfa Romeo pampu ya mafuta ilikataa. Mafundi wakalazimika kumimina petroli kwa madebe na faneli, mikono ikitetemeka, huku dereva wao akirukaruka na kuwafokea. Zilipita dakika mbili na sekunde 14. Alipoondoka, alikuwa ameangukia nafasi ya sita, na waliokuwa jukwaani waliketi tena kwa utulivu.

Aliyoyafanya katika mizunguko iliyofuata ndiyo yanayomfanya akumbukwe hadi leo. Katika mzunguko mmoja tu alirudi hadi nafasi ya pili. Mbele yake akabaki von Brauchitsch, aliyekuwa na uongozi wa zaidi ya dakika moja. Mjerumani huyo hakuwa mzembe. Aliongeza kasi, akavunja rekodi ya siku hiyo, lakini alikuwa dereva mwenye mkono mzito na kila kona ilimla tairi. Meneja wa Mercedes, Alfred Neubauer, aliweza kuona kutoka ukingoni jinsi mpira ulivyochakaa. Kumwita von Brauchitsch abadilishe tairi kulimaanisha kumkabidhi Nuvolari ushindi; kumwacha aendelee ilikuwa bahati nasibu. Akamwacha.

Mzunguko wa mwisho ulipoanza, tofauti yao ilikuwa sekunde 35. Kwa hesabu ya kawaida haikuwezekana kuzifidia zote. Nuvolari, hata hivyo, hakupunguza mwendo, na huko ndiko kuliko kuwa ubora wake siku ile, kwani ni yeye aliyemnyima mwenzake nafasi ya kuzihurumia tairi. Kilomita chache kabla ya mwisho, tairi ya nyuma ya Mercedes ilipasuka. Alfa Romeo nyekundu ikampita.

Kwenye jukwaa kuu watu walikuwa wamegeuza shingo wakitazamia gari la fedha. Lililotokea lilikuwa jekundu. Inasemekana pakawa kimya kwa kitambo, kisha umma ule, ambao baada ya yote ulikuwa umekuja kutazama mchezo, ukampigia makofi mshindi. Alikuwa ametumia saa nne, dakika nane na sekunde 40. Hans Stuck wa Auto Union alifika wa pili, zaidi ya dakika moja nyuma, Caracciola wa tatu na Rosemeyer wa nne. Von Brauchitsch aliingia wa tano akiburuta rimu iliyobaki uchi, machozi yakimtiririka.

Wanazi hawakufurahi. Adolf Hühnlein, mkuu wa michezo ya magari katika serikali yao, alikuwa ameandaa hotuba ya kusifu ushindi wa Kijerumani. Husimuliwa pia kwamba waandalizi hawakuwa na sahani ya santuri yenye wimbo wa taifa wa Italia, na kwamba Nuvolari alikuwa amekuja na yake. Huenda kisa hicho kimetiwa nakshi, lakini Wataliano hawajawahi kukubali kukiacha.

Wala ushindi huo haukuwa mchezo mtupu upande wa pili. Mussolini aliutumia kama alivyotumia kila kitu, na miezi miwili baadaye, Oktoba 3, 1935, majeshi yake yaliivamia Ethiopia. Wasomaji wa Afrika Mashariki hawana haja ya kukumbushwa gharama ya kiburi hicho. Maelfu ya askari kutoka Kenya walikuwa miongoni mwa walioandamana hadi Addis Ababa mwaka 1941 kuwafurusha Wataliano. Nuvolari hakuwa mwanasiasa. Alilolitaka maishani lilikuwa gari lenye kasi, na alilipokea kutoka mkono wowote uliolitoa, jambo ambalo hesabu yake si nyepesi kwa mtu wa enzi hizo.

P3 halikushinda tena shindano la ukubwa huo dhidi ya Wajerumani. Kabla ya mwaka kuisha Alfa Romeo ilileta gari jipya, na makuu ya Jano yakauzwa kwa madereva binafsi. Mwaka 1936 Nuvolari alipata mafanikio yake ya mwisho makubwa na kampuni hiyo, akishinda Barcelona na Budapest, kisha akavuka bahari hadi New York na kutwaa kombe la Vanderbilt.

Safari ya pili ya kwenda Amerika, mwaka 1937, ilikuwa ya msiba. Akiwa melini katikati ya bahari alipokea habari kwamba Giorgio, mwanawe wa kwanza, amefariki kwa ugonjwa wa moyo akiwa na miaka 18. Hapakuwa na namna ya kurudi. Alifika, akashindana, gari likaharibika, akarejea kwenye nyumba yenye matanga.

Mwaka 1938 gari la Alfa Romeo lilimshikia moto huko Pau, Ufaransa, akaruka nje huku miguu yake ikiungua. Akaapa kwamba hangeendesha tena magari ya kampuni hiyo. Januari mwaka huo Rosemeyer, tegemeo la Auto Union, alikuwa amefariki akijaribu kuvunja rekodi ya kasi barabarani, na Wajerumani wale wale aliowaaibisha wakamwendea Nuvolari. Magari yao yalikuwa na injini nyuma ya dereva, tabia ambayo iliwasumbua wengi. Yeye, akiwa na miaka 45, aliizoea ndani ya msimu mmoja. Alishinda Monza mbele ya watu wake, kisha Donington nchini Uingereza, ingawa katika mazoezi alikuwa amemgonga kulungu dume aliyekatiza barabara. Ushindi wake wa mwisho kwa gari la fedha ulikuja mjini Belgrade, Septemba 3, 1939, mbio zenye magari matano tu. Siku hiyo hiyo Uingereza na Ufaransa zilitangaza vita dhidi ya Ujerumani.

Vita vilipoisha alikuwa na zaidi ya miaka 50 na mapafu yaliyooza. Miaka ya kuvuta moshi wa mafuta makali yaliyotumiwa na magari ya mbio ilikuwa imemwachia ugonjwa wa kukohoa damu. Aprili 1946 Alberto, mtoto wa pili na wa mwisho, alifariki kwa ugonjwa wa figo, naye pia akiwa na miaka 18. Carolina akabaki na mume aliyekuwa akiondoka nyumbani kila majuma machache kwenda mashindanoni, na waliomfahamu walisema kwamba hakuwa akifuata ushindi tena. Mwaka huo huo, mjini Turin, usukani ulimng'okea mkononi. Aliendelea, mkono mmoja ukishika kipande cha chuma kilichobaki, mwingine ukiupunga usukani hewani ili mafundi wauone.

Mwaka 1947 karibu ashinde Mille Miglia kwa gari dogo la Cisitalia, mvua ikimnyeshea usiku kucha. Alimaliza wa pili. Mwaka 1948 Enzo Ferrari alimpa gari lake jipya. Nuvolari, mgonjwa, mwenye miaka 55, aliongoza kwa muda mrefu huku gari likipukutika chini yake: madigadi ilidondoka, boneti ikapeperuka, kiti kikalegea. Italia yote iliketi karibu na redio. Karibu na Reggio Emilia springi ilivunjika na safari ikaishia hapo. Inasimuliwa kwamba alimwomba kasisi wa mahali hapo kitanda cha kulala. Varzi alifariki mwaka huo huo katika mazoezi mjini Bern, na jina la wawili hao likabaki na mtu mmoja.

Mashindano yake ya mwisho yalikuwa ya kupanda mlima Pellegrino huko Palermo, Aprili 10, 1950. Alishinda katika kitengo chake. Hakutangaza kustaafu, wakati huo wala baadaye.

Mwaka 1952 alipatwa na kiharusi, na kingine kikamjia mwaka uliofuata. Alifariki nyumbani kwake Mantova Agosti 11, 1953. Maelfu kwa maelfu ya watu waliujaza mji huo wakati wa mazishi. Jeneza liliwekwa juu ya chesisi ya gari, na waliolisukuma walikuwa Juan Manuel Fangio, Luigi Villoresi na Alberto Ascari, bingwa wa dunia wa wakati huo na mwana wa yule Antonio ambaye kifo chake kilimfungulia Nuvolari mlango wa Monza mwaka 1925. Alizikwa alivyotaka, akiwa amevaa fulana ya manjano na suruali ya samawati.